Kabla ya taji, tuonyesheni ushahidi

Kisumu ina wapenzi wengi wa historia, na wengi wao wanamjua Henry wa Nane wa Uingereza kuliko wanavyomjua Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Watakutajia wake zake sita kwa mpangilio, nani alikatwa kichwa na nani aliachwa. Watakueleza jinsi Howard Carter alivyolifikia kaburi la Tutankhamun mwaka 1922. Waulize Hyrax Hill pale Nakuru pana nini, au Wabukusu walipigania nini Chetambe, nao watakutazama tu. Hayo ya Henry na Tutankhamun hawakuyapata darasani. Waliyapata kwenye runinga, usiku, kupitia king'amuzi, na siku hizi kwenye simu.

Wapo watakaosema huo ni utumwa wa akili. Mimi siafiki upesi hivyo. Mtu hutazama kitu kilichotengenezwa vizuri, na filamu nyingi za historia ya kifalme zinazotufikia kutoka Ulaya zimetengenezwa vizuri sana. Tukitaka kuzungumzia filamu za historia yetu sisi wa magharibi mwa Kenya, na mimi nataka sana tuzungumze, hatuna budi kukiri kwanza wenzetu wanafanya nini kinachotushika usiku wa manane.

Chukua filamu ya Channel 4 ya mwaka 2013 kuhusu mfalme Richard wa Tatu. Mfalme huyo aliuawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, akazikwa bila heshima katika kanisa la watawa Wafransisko mjini Leicester. Baadaye kanisa lilibomolewa, kaburi likasahaulika, na karne zilivyopita mahali pale pakageuka maegesho ya magari ya ofisi za baraza la mji. Mwezi Agosti 2012 wanaakiolojia walipasua lami na kuanza kuchimba. Wakakuta mifupa ya mwanamume mwenye uti wa mgongo uliopinda na fuvu lenye majeraha ya silaha. Hapo mtu mwenye haraka angetangaza kwamba mfalme amepatikana. Wao hawakutangaza. Walipima umri wa mifupa kwa kaboni. Wakatafuta vizazi vya Anne, dada yake Richard, kwa upande wa akina mama, hadi wakamfikia seremala mzaliwa wa Kanada anayefanya kazi London, wakalinganisha DNA yake na ile ya mifupa. Ni baada ya hayo yote, Februari 2013, ndipo waliposema: huyu ndiye. Mwaka 2015 akazikwa upya katika kanisa kuu la Leicester.

Ninachokienzi katika hadithi hiyo ni mpangilio wake. Taji lilikuja mwisho. Kwanza palikuwa na swali, kisha koleo, kisha mifupa ambayo haikuwa na jina, kisha shaka, kisha kipimo. Mtazamaji alipewa nafasi ya kuuliza "mnajuaje?" na akajibiwa hatua kwa hatua. Ukimheshimu mtazamaji namna hiyo, hata mtu wa Nyalenda, Kisumu, ambaye hana undugu wowote na Richard atakaa mpaka mwisho.

Sasa tazama filamu zinazotengenezwa kuhusu sisi. Kamera inaruka angani juu ya ziwa jua likitua. Ngoma zinapigwa. Sauti nzito inasema kwamba hapo zamani za kale palikuwa na mfalme shujaa. Wanaingia vijana waliovaa ngozi, wanakimbia kwenye nyasi wakiwa na mikuki, kisha anatokea mzee kwa sekunde ishirini akisema jambo moja, na sauti nzito inamkatiza. Filamu inakwisha hujaambiwa hata mara moja habari hizo zimejulikanaje. Taji limekuja kwanza, na nyuma yake hakuna kitu.

Tabia hii ina historia yake, na kwa sehemu inaeleweka. Mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru, Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alitoa mihadhara iliyorushwa na televisheni ya BBC. Humo alidai kwamba labda siku moja patakuwa na historia ya Afrika ya kufundisha, lakini kwa wakati ule kilichokuwepo ni historia ya Wazungu barani Afrika tu, na kilichobaki ni giza. Tukumbuke kwamba tusi hilo lilipitia kwenye runinga. Kwa hiyo majibu mengi nayo yalikuja kwa runinga. Mwanahistoria Mwingereza Basil Davidson alitoa mfululizo wa sehemu nane kuhusu historia ya Afrika mwaka 1984. Miaka miwili baadaye Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, akasimama mbele ya kamera za BBC na PBS kwa sehemu tisa, akatoa hoja zake bila kuomba radhi, hata taasisi moja ya serikali ya Marekani iliyokuwa imechangia fedha ikataka jina lake liondolewe kwenye filamu. Miaka ya karibuni mtangazaji Zeinab Badawi amezunguka bara zima akitegemea ile Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO.

Naziheshimu kazi hizo. Mazrui hasa alitufundisha kwamba Mwafrika anaweza kuwa ndiye anayefikiri mbele ya kamera, asiwe yule anayeonyeshwa tu. Lakini katika kumjibu Trevor-Roper, wengi waliofuata walikubali kipimo chake bila kujua. Yeye alisema hamna historia. Wao wakajibu, tunayo, tulikuwa na wafalme. Wakaonyesha Meroe, Aksum, Mansa Musa na dhahabu yake, Benin, Zimbabwe Kuu. Yote ni kweli na yote yanastahili kuonyeshwa. Ila jibu hilo linaacha nje watu wengi sana ambao hawakuwa na mfalme na hawakumtaka. Linawaacha nje Wanandi, Wajaluo, Wakisii, na sehemu kubwa ya Waluhya. Ukiwa na mtengenezaji filamu aliyezoea kwamba historia ni wafalme, akifika kwetu atafanya moja kati ya mawili: ataondoka akisema hakuna kitu, au atatutengenezea mfalme.

Mwaka 2023 Netflix ilitoa mfululizo mmoja kuhusu Njinga wa Angola na mwingine kuhusu Cleopatra. Njinga alistahili, na nilifurahi kuona watu wanamzungumzia. Lakini ule wa Cleopatra ulimezwa wote na ugomvi wa rangi ya ngozi yake, Misri ikalalamika rasmi, na hadi leo watu wanakumbuka ugomvi kuliko jambo lolote walilojifunza. Ndivyo inavyokuwa filamu ikianza na sura ya mtu wa kifalme. Mjadala wote unaishia usoni.

Nenda Thimlich Ohinga, kule Migori. Kuta za mawe zimesimama pale tangu karibu karne ya 16, zimejengwa bila udongo wa kushikanisha wala saruji, kimo chake ni kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Swali ambalo wageni wenye kamera hupenda kuuliza pale ni nani alikuwa mfalme wa ngome hii. Au hutafuta kufanana kwake na Zimbabwe Kuu, ili Thimlich ipate ukubwa wa kuazima.

Ni swali linalopoteza njia. Kilicho cha ajabu Thimlich ni kwamba ukuta umejengwa kwa tabaka tatu: upande wa nje peke yake, upande wa ndani peke yake, na katikati mawe madogo yanayoshikilia pande hizo mbili zisiachane. Mawe hayana umbo sawa. Kila jiwe lilichaguliwa likafanywa likae. Milango imebanwa kiasi kwamba mtu anayeingia lazima ainame, na adui anayeinama hana nguvu. Ndani kuna mazizi ya ng'ombe na alama za nyumba, na kuna dalili za kuyeyusha chuma. Na waliokaa humo hawakuwa kabila moja. Watu wa lugha mbalimbali, Wabantu na Waniloti, walipokezana pale, na waliokuja baadaye walikarabati kuta za waliotangulia badala ya kuzibomoa. Hebu fikiria filamu ya saa moja juu ya hilo tu. Mweke fundi wa mawe wa leo mbele ya rundo la mawe, umwambie ajenge mita mbili bila saruji, kamera imtazame anavyohangaika, anavyokataa jiwe hili na kuchukua lile. Mtazamaji ataelewa kwa macho yake kwamba kazi ile ilihitaji watu wengi wenye kupatana. Walipatanaje bila mfalme wa kuwaamrisha? Mimi ningekaa mpaka alfajiri kulisikia jibu la swali hilo, kwa sababu ni swali ambalo nchi yetu bado inalo.

Nakuru nayo ina Hyrax Hill, karibu kabisa na barabara kuu ya kwenda Nairobi. Maelfu hupita pale kwa matatu kila siku bila kugeuza shingo. Louis Leakey alipatambua miaka ya 1920, Mary Leakey akachimbua mwaka 1937 na 1938, na jumba la makumbusho likafunguliwa mwaka 1965. Kuna makaburi ya kale sana, kuna mbao za bao zilizochongwa kwenye miamba, na kuna mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale wa nyanda za juu. Mashimo kama hayo yalichimbuliwa pia Lanet, na yako mengi hadi Uasin Gishu na Nandi.

Ukiyatazama hayakuvutii. Ni mabonde madogo ya mviringo kwenye nyasi. Hakuna mkurugenzi wa kipindi atakayeyaweka kwenye tangazo. Lakini sikiliza kisa chake. Kwa muda mrefu waliyaona wakadhani ni nyumba za chini ya ardhi, kwamba watu wa kale waliishi mashimoni. Baadaye uchimbaji, hasa kazi ya John Sutton, ulionyesha kwamba shimo lenyewe lilikuwa zizi la ng'ombe, na nyumba ilijengwa ubavuni mwa zizi, mlango wake ukitazama ndani. Ili umfikie mwenye nyumba ilibidi upite kati ya ng'ombe wake. Na ili mwizi awafikie ng'ombe ilibidi apite mlango mmoja mwembamba wa zizi, mwenye mali akiwa macho hatua chache kando. Watu hao waliishi hivyo kwa karne kadhaa, wakichunga katika nyanda za juu, kabla jina lao halijabaki kuwa kumbukumbu tu katika masimulizi ya Wakalenjin na Wamaasai.

Huo ni upelelezi halisi. Kuna dhana ya kwanza iliyokuwa na mantiki, kuna ushahidi ulioipindua, na kuna picha mpya ya maisha inayotokea mwishoni. Kila kitu kilichoifanya filamu ya Richard wa Tatu ivutie kipo Hyrax Hill. Kilichokosekana ni taji tu, na kwa kukosa taji tumeacha mashimo yaonekane kuwa mashimo.

Haya, sasa tuje kwa mfalme wa kweli, maana magharibi tunaye. Ufalme wa Wanga ulikuwepo. Nabongo Mumia alichukua kiti cha baba yake Shiundu mwaka 1882 hivi, na akafariki mwaka 1949. Makao yake Elureko, ambapo leo ni mji wa Mumias, palikuwa kituo cha misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani waliofuata pembe za ndovu na watumwa. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883. Askofu James Hannington alipita mwaka 1885, akaendelea hadi Busoga ambako aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Baadaye Waingereza wakafanya Elureko kituo chao, ofisa wao Hobley akakaa hapo, na kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, mtu aliyetoka pwani kwenda Uganda alimjua Mumia kabla hajalijua ziwa. Uislamu na Kiswahili viliingia eneo hili kwa mlango huo, ndiyo maana hadi leo ukiwa Mumias unasikia adhana na Kiswahili chenye harufu ya pwani katikati ya mashamba ya miwa.

Filamu ya kifalme inajiandika yenyewe hapa. Kuna makaburi ya akina Nabongo kule Matungu. Kuna picha za zamani za Mumia akiwa na kanzu na joho. Kuna wazee wanaoweza kutaja ukoo wa watawala kizazi baada ya kizazi. Na mtengenezaji asipojihadhari, atatoka na saa nzima ya sifa.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu sehemu kubwa ya ukubwa wa Wanga wa baada ya 1894 ilipanuliwa na Waingereza. Walikuta mtu mmoja anayefanana na mfalme wanayemwelewa, wakamtumia kutawala watu ambao hakuwahi kuwatawala. Mwaka 1895 Hobley alipokwenda kuwapiga Wabukusu katika ngome yao ya Chetambe, karibu na Webuye ya leo, alikwenda na askari Wasudani na Waganda, na wapiganaji wa Wanga wakiwemo. Watu wengi waliangamia pale. Mwaka 1909 Mumia akatangazwa chifu mkuu. Ndugu zake wakatumwa kutawala kwa watu: Murunga akawekwa juu ya Wabukusu, Mulama akawekwa Marama. Kwa mtu wa Wanga kule Matungu hiyo ni enzi ya fahari. Kwa mzee wa Bungoma hiyo ni enzi ya kutozwa kodi na kupewa amri na mtu wa kuja, na kumbukumbu yake haijapoa.

Waswahili wamesema asiyekuwapo na lake halipo. Filamu ya Mumia isiyofika Webuye itakuwa imemnyima Mbukusu lake. Na sisemi Mumia alikuwa msaliti. Neno hilo hutupwa ovyo na watu ambao hawajawahi kufikiria alichokuwa nacho mkononi. Alikuwa na majirani wenye nguvu, ndugu waliogombea kiti, wafanyabiashara wenye bunduki waliomtembelea kwa faida yao, na jeshi la kigeni lililokuwa linakuja apende asipende. Alichagua. Filamu ya haki ingetuonyesha uchaguzi huo ukiwa mgumu, ikatuonyesha pia nani aliulipia. Ingelinganisha masimulizi ya Matungu na masimulizi ya Chetambe na maandishi ya Hobley mwenyewe, na pale yanapopingana ituachie tuone yanapingana. Utawala ni jambo la pande mbili kila mahali, hata huko Uingereza. Tofauti ni kwamba Waingereza wameshazoea filamu zinazowakosoa wafalme wao waliokufa. Sisi bado tunadhani kumkosoa Nabongo ni kumtukana.

Jambo linaloniuma zaidi ni la Nandi. Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani. Aliyempiga risasi ni Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza. Wanandi walikuwa wamewapinga Waingereza na reli yao kwa takriban miaka kumi, na mauaji hayo ndiyo yaliyovunja mgongo wa upinzani. Meinertzhagen alidai alishambuliwa. Wanandi wanasema alinyoosha mkono wa salamu kisha akaua. Uchunguzi ulifanywa mara tatu, ukamwondolea lawama, lakini mwaka uliofuata akaondolewa nchini.

Filamu nyingi husimulia kisa hiki kwa kutegemea shajara ya Meinertzhagen, iliyochapishwa mwaka 1957, nusu karne baada ya tukio. Sauti nzito inasoma maneno yake na mtazamaji anayachukua kuwa ndiyo yaliyotokea. Haambiwi kwamba mtu huyohuyo, aliyesifika duniani kwa elimu ya ndege, aligunduliwa baada ya kufa kwake kuwa aliiba sampuli za ndege katika majumba ya makumbusho na kuzibandika maelezo ya uongo. Shahidi wa namna hiyo hatupwi, lakini hasomwi kama Maandiko Matakatifu. Unamsimamisha kizimbani. Unauliza aliandika lini, alibadilisha nini, wenzake waliokuwepo waliandika nini, na wazee wa Nandi wamehifadhi nini.

Halafu Koitalel huitwa "mfalme wa Wanandi". Koitalel alikuwa Orkoiyot. Alikuwa na uwezo wa kiroho, alitabiri, alishauri vita na kubariki vita, lakini hakukaa kwenye kiti cha enzi wala hakukusanya kodi, na mabaraza ya wazee yalikuwa na mamlaka yao. Ukimwita mfalme unafuta mfumo mzima wa utawala ambao ndio uliowawezesha Wanandi kupigana miaka yote hiyo. Waingereza wenyewe waliuogopa ukoo wa Orkoiyot kiasi kwamba mwaka 1934 walitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, yaani watu wa ukoo huo, wa upande wa Kipsigis, wakapelekwa Gwassi, kule ufuoni mwa ziwa, mbali na watu wao. Wengi walifia huko. Familia zao bado zinadai haki.

Mwaka 2006 fimbo tatu za uongozi za Koitalel zilirudi nyumbani kutoka kwa familia ya Meinertzhagen. Kichwa chake, ambacho Wanandi wanasema kilikatwa kikapelekwa Uingereza, hakijarudi. Wakisii nao wanaulizia kichwa cha Otenyo, aliyemchoma mkuki ofisa Northcote mwaka 1908. Sasa rudi kwa Richard wa Tatu. Nchi iliyotumia koleo, kaboni, DNA na kamera kumtambua mfalme aliyekufa karne tano kabla, ndiyo nchi ambayo majumba yake yamejaa mifupa iliyoletwa kutoka makoloni. Kama kuna filamu moja inayoweza kutengenezwa kwa mbinu zilezile za Leicester, ni hii: msako wa mabaki ya Koitalel, hatua kwa hatua, orodha ya makumbusho moja baada ya nyingine, ukoo wake ukiwa tayari kutoa sampuli za damu. Hata wasipopata kitu, msako wenyewe utakuwa historia, na Mwingereza atakayeutazama atalazimika kuelewa kwa nini mzee wa Kapsabet halali vizuri.

Najua nitaulizwa kuhusu masimulizi ya mdomo. Watu watasema, Leicester walikuwa na kumbukumbu za maandishi, sisi tuna hadithi za bibi. Swali hilo lilijibiwa zamani, tena na watu wa hapahapa. Bethwell Ogot wa Gem alichapisha historia ya Wajaluo wa kusini mwaka 1967, na mwaka huohuo Gideon Were akachapisha ya Waluhya wa magharibi mwa Kenya. Wote wawili walikwenda kwa wazee, wakakusanya nasaba, wakalinganisha ukoo huu na ule, wakahesabu vizazi, wakatafuta njaa au vita vinavyokumbukwa na jamii mbili zisizopendana, kwa sababu adui wawili wakikumbuka jambo moja kwa namna inayokaribiana, hapo pana kitu. Ogot baadaye aliongoza kamati ya kimataifa ya UNESCO iliyoandaa Historia Kuu ya Afrika na akahariri juzuu yake ya tano. Alifariki Januari 2025. Mbinu yake ingeweza kuonyeshwa kwenye skrini kwa urahisi: weka wazee wawili wa koo mbili, kila mmoja ataje babu zake, chora majina yao ubaoni yakikutana, na mtazamaji ataona tarehe ikizaliwa mbele yake.

Hata Luanda Magere anaweza kutendewa haki hivyo. Filamu za kawaida humwigiza kama lilivyo simulizi: shujaa wa Kano ambaye mkuki haukumwingia, mke Mnandi aliyegundua siri, mkuki uliochoma kivuli, mwili uliogeuka jiwe. Wengine humpuuza wakisema ni ngano. Mimi ningeuliza, kwa nini katika hadithi hii Wajaluo na Wanandi wanapigania ng'ombe na wakati huohuo wanaozana? Kwa nini siri inapitia kwenye ndoa? Humo ndani kuna kumbukumbu ya mpaka wa nyanda za Kano na vilima vya Nandi, ambapo vita na ndoa vilikwenda pamoja, na ukiwasikiliza Wanandi wakisimulia upande wao utapata jambo ambalo jiwe peke yake halisemi. Na wazee hao waachiwe waongee lugha zao, Dholuo, Kinandi, Lubukusu, maandishi ya Kiswahili yakipita chini ya skrini. Kuwafunika kwa sauti ya msomaji wa Nairobi ni kuharibu ushahidi.

Sababu ninayoisikia kila mara ni fedha. Ni kweli kwamba uchimbaji na vipimo vya DNA ni ghali, na ni kweli pia kwamba mtangazaji wa sabuni anapendelea wimbo kuliko shimo la Sirikwa. Nakubali vilevile kwamba taji huvuta watu. Richard asingekuwa mfalme, maegesho yale yangechimbwa kimyakimya. Lakini mengi niliyoyataja hayahitaji fedha za Netflix. Fundi wa mawe yuko Migori. Makumbusho ya Kisumu yako wazi tangu 1980, na Hyrax Hill ina watunzaji wanaoijua kila pembe. Vyuo vikuu vya Maseno na Egerton vina wanafunzi wa historia na wengine wa uanahabari ambao hawajawahi kukaa meza moja. Stesheni za lugha za kienyeji zina wasikilizaji waaminifu kuliko stesheni kubwa, na wazee wanaziamini. Mwanahabari Hilary Ng'weno alituonyesha kwamba Wakenya watakaa chini kutazama historia ya siasa za nchi yao ikisimuliwa kwa utulivu na nyaraka. Aliishughulikia Kenya ya jana. Ya juzi na ya kale zaidi bado inasubiri.

Na kamera zenyewe tayari zinafika. Mwanasiasa akienda Mumias kutafuta baraka za Nabongo, stesheni zote zipo. Akienda Nandi Hills kuweka shada kwenye kaburi la Koitalel, zipo, na magari yenye mitambo ya setilaiti yameegeshwa tangu asubuhi. Hotuba ikiisha wanafunga vyombo na kurudi Nairobi kabla ya giza. Wahariri wanaowatuma wawaruhusu walale. Kesho yake, msafara ukiwa umekwenda, mpiga picha abaki na mzee mmoja na swali moja: mzee, haya unayotuambia, uliyapata kwa nani, na yeye aliyapata kwa nani?